Mbayuwayu na Ghala la Chama

Mvua za vuli zinapokaribia, nyaya za simu na za umeme zipitazo karibu na maghala ya vyama vya ushirika huanza kujaa ndege wadogo waliojipanga kama shanga katika uzi. Ndege hao ni mbayuwayu, ambao baadhi ya watu wa pwani huwaita mbarawai. Wiki chache zilizotangulia hawakuwapo, na ifikapo mwezi wa Mei watakuwa wametoweka tena. Kwa kuwa hawali nafaka wala hawatoboi matunda, wakulima wengi hawana neno nao. Hata hivyo yapo mambo mawili ambayo huweza kuwafikisha mbele ya kamati ya chama. La kwanza ni viota vya udongo vilivyobandikwa chini ya paa la ghala, ambavyo mtunza ghala hutaka vibomolewe kwa sababu ya mavi yanayodondoka juu ya magunia. La pili ni zito zaidi, nalo ni dawa za sumu, hasa ile inayomwagwa juu ya matete ili kuangamiza kwelea kwelea.

Mambo hayo hayawezi kuamuliwa vyema pasipo kumjua ndege mwenyewe, kwani chini ya jina moja la mbayuwayu watu huchanganya ndege wa aina kadhaa ambao mienendo yao haifanani.

Mbayuwayu mgeni, yaani yule ajaye na vuli, ana uzito wa gramu 20 hivi. Mgongo wake ni wa buluu iliyoiva yenye kung'aa kama chuma kilichosuguliwa. Paji la uso na koo ni vya rangi ya matofali. Kifuani amevaa mkanda mweusi wa buluu, na tumbo lake ni jeupe lisilotakata sana. Mkia umegawanyika kama uma, na unyoya wa nje wa kila upande umerefuka na kuchongoka. Vijana waliozaliwa mwaka uleule wana rangi iliyofifia na mkia mfupi, na hao ndio wengi kati ya wanaoonekana juu ya nyaya mnamo Oktoba na Novemba. Mdomo wake ni mfupi, lakini hufunguka kwa upana mkubwa kupita umbo lake, na kwa mdomo huo hunasa wadudu akiwa angani. Hata maji huyanywa akiruka, kwa kuteka tone moja juu ya uso wa bwawa bila kutua.

Ndege anayechanganywa naye mara nyingi ni teleka, ambaye mabawa yake yamepinda kama mundu na rangi yake ni nyeusi, pengine na doa jeupe kiunoni. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kutazama nyaya. Teleka hawezi kukaa juu ya waya, kwa maana miguu yake imeumbwa kwa kung'ang'ania ukuta tu. Vilevile hajengi kwa matope bali kwa manyoya na majani makavu anayoyagandisha kwa mate yake. Licha ya kufanana kwao angani, mbayuwayu ni ndege wa jamii ya waimbaji, na teleka ni wa ukoo mwingine kabisa.

Jambo ambalo kila mtunza ghala angefaa kulifahamu ni kwamba mbayuwayu mgeni hajengi kiota huku. Yeye huzaa Ulaya na Asia, penye majira ya joto yenye mchana mrefu, na huja Afrika kula na kujipatia manyoya mapya. Kiota kilichomo ghalani ni cha wenyeji, ambao nao ni wa aina kadhaa. Yupo mbayuwayu mwenye michirizi myeusi kifuani na utosi wa rangi ya kutu, ambaye kiota chake hufungwa pande zote na kuachiwa mlango mrefu kama shingo ya chupa. Yupo mwingine mwenye tumbo jeupe sana na manyoya mawili ya mkia yaliyo membamba kama nyuzi; huyu hupenda kuwa karibu na maji, na kiota chake ni mfano wa nusu ya kikombe kilichobandikwa chini ya daraja au chini ya upenu. Katika nchi zilizo kando ya ziwa Victoria yupo pia wa tatu anayefanana mno na mgeni, isipokuwa kifua na tumbo lake ni vya kijivu. Basi mtu anayebomoa viota mwezi wa Januari kwa kudhani anawafukuza wale wa nyayani huwa anawaadhibu wengine kabisa.

Safari ya mgeni huyu iliwashinda wenye elimu kwa karne nyingi. Kitabu cha Yeremia kinamtaja miongoni mwa ndege wanaoyajua majira yao, lakini hakisemi anakwenda wapi. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi wakiwa wamenyonyoka manyoya. Mnamo mwaka 1555 askofu mkuu Olaus Magnus wa Sweden alichapisha kitabu chenye habari kwamba wavuvi wa kaskazini huwavua mbayuwayu kutoka chini ya maji, wakiwa wameshikamana mafungu mafungu. Haifai kuwacheka sana. Watu hao waliona ndege wakikusanyika kwenye matete jioni za mwisho wa kiangazi, kisha asubuhi moja wakawa hawapo. Na Afrika ilikuwa mbali na fikira zao.

Jibu lililo wazi lilitoka Natal. Tarehe 6 Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, Uingereza, aitwaye John Masefield (siye yule mshairi mwenye jina hilohilo), alimvisha mbayuwayu pete ndogo ya chuma mguuni. Pete ilikuwa na namba, pamoja na anwani ya mjini London. Mwezi wa Desemba 1912 ndege huyo alinaswa ndani ya nyumba ya shambani karibu na mji wa Utrecht huko Natal, na mtu mmoja wa mji huo akaandika barua kwa anwani iliyokuwa kwenye pete. Kwa barua hiyo ilidhihirika kwamba ndege asiyezidi uzito wa barua yenyewe alikuwa amevuka bahari ya Mediteranea, jangwa la Sahara na misitu ya Ikweta, mwendo wa kilomita 10,000 hivi.

Tangu siku hizo pete nyingi zimekwisha kuvishwa, na njia zimefahamika kwa sehemu kubwa. Mbayuwayu wa Uingereza huishia zaidi kusini mwa Afrika. Wale wanaopita Afrika Mashariki, wengi hutoka Ulaya ya Mashariki na Urusi, wakishuka kwa njia ya Mashariki ya Kati, bara Arabu na Ethiopia. Baadhi hubaki hapa hadi Machi, na wengine huendelea kusini. Kutoka Moscow hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, na ndege hawafuati mstari ulionyooka. Husafiri mchana, wakila njiani, tofauti na ndege wengi wadogo ambao husafiri usiku. Kabla ya kuingia jangwani hujaza mafuta mwilini, na asiyepata chakula cha kutosha hafiki ng'ambo. Wengi wa makinda hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Jinsi safari hiyo inavyotegemea wadudu ilionekana dhahiri mnamo vuli ya Ulaya ya mwaka 1974. Baridi na mvua ziliwahi mapema kaskazini ya milima ya Alps, wadudu wakakosekana angani, na mbayuwayu wakakwama kwa njaa wasiweze kuvuka milima. Watu wa Uswisi na Ujerumani waliwaokota vibarazani na mazizini, wakawatia katika masanduku, na mamia ya maelfu ya ndege wakasafirishwa kwa treni na kwa eropleni hadi upande wa kusini penye jua. Ndege ambaye kwa kawaida huvuka Sahara kwa nguvu zake mwenyewe alilazimika kukatiwa tiketi, kwa sababu tu chakula chake kilikuwa kimetoweka kwa siku chache.

Afrika kwa mbayuwayu si mahali pa kupumzikia tu. Manyoya yake ya kurukia huyabadilisha mara moja kwa mwaka, na kazi hiyo huifanya akiwa huku. Unyoya mmoja hudondoka, mwingine huota, kisha zamu ya wa pili, kwa utaratibu unaochukua miezi mingi, ili asipate kushindwa kuruka hata siku moja. Kwa hiyo mabawa yatakayomvusha jangwa mnamo Machi na Aprili yamejengwa kwa nzi na kumbikumbi wa nchi hizi. Mkulima wa Urusi anayefurahia kumwona tena zizini kwake mwezi wa Mei anamwona akiwa amevaa vazi lililofumwa Shinyanga au Kavirondo.

Je, ndege huyu ana faida gani kwa mwanachama? Hapa panahitajika ukweli usiopambwa, maana wapenzi wa ndege mara nyingine humsifu kupita kiasi. Mbayuwayu huwinda mchana, aghalabu mita 7 au 8 juu ya ardhi, na huchukua wadudu walio angani. Nondo wanaozaa funza wa vitumba vya pamba, wale wa funza wa mabua, na wale wa kiwavijeshi vamizi aliyegunduliwa Afrika mwaka 2016, wote huruka usiku. Funza mwenyewe amejificha ndani ya kitumba au ndani ya bua. Dumuzi, aliyeingia Tanzania kupitia Tabora kuelekea mwanzo wa miaka ya 1980, yumo ndani ya gunia. Hakuna hata mmoja wa hao ambaye mbayuwayu ataweza kummaliza, na chama kitakachoacha kukagua mashamba kwa kuwategemea ndege kitapata hasara.

Anaowala ni wengine. Hula nzi wa kila namna, wakiwamo wanaosumbua ng'ombe, na ndiyo sababu huonekana akipita chini ya matumbo ya mifugo malishoni. Hula vidukari wenye mabawa, ambao huhamisha magonjwa ya mimea kutoka shamba hadi shamba. Hula mbawakavu wadogo, na chungu walioota mabawa. Mvua ya kwanza inapowatoa kumbikumbi ardhini, mbayuwayu hukusanyika kwa mamia juu ya kichuguu na kuwaokota mmoja mmoja. Na kila kumbikumbi ni mfalme au malkia wa kichuguu cha kesho. Hufuata trekta linapolima na moto wa nyasi unapowaka, kwa kuwa vyote viwili huwainua wadudu. Huo ni msaada mdogo wa kila siku, usioweza kuandikwa katika daftari la mapato na matumizi, lakini unaotolewa bure na maelfu ya vibarua.

Mtu awaye yote akiuliza kwa nini idadi yao imepungua katika nchi kadhaa za Ulaya, jibu halimo katika jambo moja. Mazizi ya zamani yenye milango wazi yamebomolewa. Malisho yamegeuzwa mashamba. Hali ya hewa imevurugika. Lakini dawa zimo. Kitabu cha Rachel Carson cha mwaka 1962 kiliwaamsha watu wa Marekani kuhusu DDT na ndege, na mwaka 1972 nchi hiyo ikaikataza katika kilimo. Kenya nayo iliizuia DDT mashambani mwaka 1986. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliibana duniani kote, isipokuwa kwa kupambana na mbu wa malaria, na mwaka 2011 mkataba huohuo ukaiongeza endosalfani, ambayo wakulima wengi wa pamba waliizoea. Sumu hizo za zamani ziliwaingia ndege kupitia wadudu waliowala.

Tatizo jipya ni la namna nyingine: ndege hafi kwa sumu, bali hukosa wa kumla. Mwaka 2014 wachunguzi wa Uholanzi walitangaza kwamba mahali ambapo maji ya mitaroni yalikuwa na dawa ya imidaklopridi kwa wingi, ndege walao wadudu, mbayuwayu akiwamo, walipungua kwa haraka zaidi kuliko kwingine. Mwaka 2017 ikatolewa habari kutoka Ujerumani kwamba uzito wa wadudu warukao walionaswa katika hifadhi za asili ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 75 katika miaka 27. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza imidaklopridi na wenziwe wawili kutumika nje ya nyumba za vioo. Mkulima wa huku asione kwamba habari hizi ni za mbali. Nyuki wanaochavusha alizeti na korosho, na manyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi, hufa kwa dawa ileile. Kupuliza kwa tarehe za kalenda pasipo kukagua shamba kwanza ni kununua sumu kwa fedha ya mkopo ili kuua marafiki.

Sasa liko suala la kwelea kwelea, na hapa vyama vyenyewe vina sauti, kwa kuwa mara nyingi barua ya chama kwa ofisa kilimo wa wilaya ndiyo huanzisha ombi la eropleni. Hakuna asiyejua hasara ya kwelea katika mtama, uwele na mpunga. Mkulima anayepoteza shamba zima kwa siku mbili hawezi kuambiwa avumilie. Dawa iliyotumika zaidi katika operesheni hizo ni fenthioni, ambayo huharibu mishipa ya fahamu. Humwagwa jioni, kwelea wanapoingia kulala katika matete au miiba. Shida ni kwamba mbayuwayu naye hulala kwenye matete, na huingia saa ileile. Matete hayachagui wageni wake, na sumu haichagui inayemwangukia.

Wingi wa mbayuwayu katika malazi ya namna hiyo huweza kumshangaza asiyewahi kuuona. Huko Mount Moreland, karibu na Durban, walikadiriwa kufikia milioni 3 katika bwawa moja la matete wakati ulipojengwa uwanja wa ndege wa King Shaka, uliofunguliwa mwaka 2010. Palikuwa na hofu kwamba matete yangefyekwa ili eropleni zisigongane na ndege. Badala yake uliwekwa mtambo wa rada unaowaonyesha waongoza ndege saa ambayo mbayuwayu wako angani, na matete yakaachwa.

Vyama havihitaji rada. Kinachohitajika ni mtu mwenye macho mazuri kukaa karibu na matete jioni mbili au tatu kabla barua haijaandikwa. Kwelea huja chini chini, kundi kubwa likijikunja kama moshi, na midomo yao myekundu huonekana wakitua. Mbayuwayu huzunguka juu sana mpaka kiza kinapoanza kuingia, kisha hudondoka matetani kwa ghafla kama mawe. Wakionekana wote wawili mahali pamoja, barua na iseme hivyo, ili wataalamu waweze kutafuta malazi mengine ya kwelea hao au kungoja. Mnamo Machi na Aprili kungoja kwa majuma machache huweza kutosha, kwa kuwa wageni huwa wanaondoka. Ipo pia njia ya nyavu, ambayo watu wa Kondoa wameitumia kuwatega kwelea kwa ajili ya kitoweo: ndege asiyetakiwa huachiwa aende zake, na waliobaki ni chakula. Ndege waliouawa kwa dawa, kinyume chake, wasiokotwe wala kuliwa kabisa, hata kama wameanguka wazima na wanono.

Kuhusu viota, shauri linategemea mahali kilipo. Ndani ya ghala la nafaka au la kahawa, ndege hana nafasi. Kahawa ya maganda hunyonya harufu upesi, na mavi juu ya pamba huishusha daraja. Kwa hiyo nafasi zilizo kati ya ukuta na bati zizibwe kwa wavu wa chuma, na kazi hiyo ifanywe wakati wa kiangazi, viota vikiwa vitupu. Kuziba wakati makinda wamo ndani ni kuleta mizoga na uvundo juu ya magunia, jambo ambalo ni baya kuliko mavi. Ikiwa kiota kimekwisha kuwa na mayai, kuvumilia si kwa muda mrefu, kwani tangu yai la kwanza mpaka makinda kuruka hupita wiki 6 hivi. Wakati huo magunia yasogezwe, au yafunikwe kwa turubai.

Nje, chini ya upenu na barazani, hakuna sababu ya kumfukuza. Ubao wenye upana wa sentimita 30 hivi, ukipigiliwa ukutani chini ya kiota, hupokea karibu uchafu wote. Uwekwe chini kiasi kwamba paka au panya asiweze kuufanya daraja la kufikia makinda. Anayeusafisha aulowanishe kwanza kwa maji na kujifunga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu vumbi la mavi makavu ya ndege si zuri kuvutwa. Uchafu huo ukichanganywa na takataka za shimo la mboji hufaa kwa bustani. Na mwenyeji akipata matope karibu hatakwenda mbali. Mvua inapochelewa, ndoo moja ya maji ikimwagwa penye udongo mfinyanzi nyuma ya ghala humtosha kwa siku kadhaa, naye huubeba udongo huo mdomoni, donge kwa donge, mara elfu na zaidi kwa kiota kimoja.